Kuvunjwa na Kuvunjika: Hesabu ya Maneno katika Uhakiki wa Itikadi ya Magazeti

Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa lugha ya magazeti umetegemea jicho la mhakiki. Mhakiki husoma, hushtushwa na kichwa fulani cha habari, hukinukuu, na kutokana na vichwa viwili vitatu vya namna hiyo hutoa hukumu juu ya gazeti zima. Mbinu hii imezaa kazi nzuri, lakini ina udhaifu usiofichika. Mpinzani anaweza kuleta vichwa vingine vitatu vinavyosema kinyume, na hapo hoja ikabaki kuwa kauli ya huyu dhidi ya kauli ya yule. Isimu ya kopasi ilikuja na ahadi ya kuondoa ubishi huo. Kopasi, yaani mkusanyo mkubwa wa matini uliopangwa kwa utaratibu na kuhifadhiwa katika tarakilishi, humwezesha mtafiti kuuliza neno fulani limetumika mara ngapi, katika magazeti gani, katika miaka gani, na likifuatana na maneno yapi.

Makala haya yanakusudia kuipima ahadi hiyo kwa upande wa magazeti ya Kiswahili. Hoja inayotolewa ni kwamba hesabu ni ya lazima kwa mhakiki mwaminifu, lakini kipimo chake hakina budi kubadilishwa. Mbinu iliyopo ilishonwa kwa vipimo vya Kiingereza, ambamo neno moja moja hujitegemea kwa kiasi kikubwa. Katika Kiswahili mzigo mkubwa wa itikadi hubebwa na viambishi vya kitenzi: nani katenda, nani katendwa, na nani kaondolewa kabisa katika tendo. Anayehesabu maneno peke yake atayaona matusi, lakini sarufi ya lawama itampita.

1. Chimbuko la mbinu

Uhakiki wa itikadi katika magazeti ulipata moja ya mifano yake mashuhuri kutokana na tukio la Afrika. Tarehe 1 Juni 1975 polisi wa Rhodesia waliwafyatulia risasi Waafrika mjini Salisbury, ambao leo ni Harare, na kuwaua kadhaa. Tony Trew, katika kitabu Language and Control cha mwaka 1979 alichokiandika pamoja na Roger Fowler, Bob Hodge na Gunther Kress, alilinganisha jinsi magazeti mawili ya London, The Times na The Guardian, yalivyoiripoti habari hiyo. Katika The Guardian, polisi walitangulia katika kichwa cha habari wakiwa watendaji wa tendo la kuua. Katika The Times, waliotangulia ni waliouawa, nao walielezwa kuwa wafanya ghasia, ilhali polisi walisukumwa nyuma kwa kauli ya kutendwa. Kadiri habari ilivyoendelea katika siku zilizofuata, waliopiga risasi walizidi kufifia na ghasia zikazidi kuonekana kuwa ndizo zilizosababisha vifo.

Uchambuzi wa Trew ulikuwa makini, lakini ulisimama juu ya matini chache. Katika miaka ya 1990 wanaisimu kama Henry Widdowson na Michael Stubbs waliukosoa uhakiki wa aina hiyo kwa sababu mhakiki huteua mfano unaomfaa, kisha akauhesabu kuwa ushahidi. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuongeza matini. Vifaa vilikuwa vimekwisha kuwapo. Kopasi ya Brown, iliyokusanywa Marekani kutokana na maandishi yaliyochapishwa mwaka 1961, ilikuwa na maneno takriban milioni moja katika sampuli 500. Nadharia pia ilikuwapo, kwani J. R. Firth alikuwa amekwisha kufundisha kwamba maana ya neno hujulikana kutokana na maneno linayoandamana nayo. Mwaka 1993 Bill Louw, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe, aliendeleza fikra hiyo kwa kuonyesha kwamba neno linalozoea kukaa na mabaya hupata rangi ya ubaya hata linapokaa peke yake.

Kiswahili kinao mfano wa wazi wa jambo hilo. Kitenzi zuka huandamana na ghasia, moto, uvumi, maradhi na mgogoro. Amani haizuki, amani hupatikana au hudumishwa. Basi gazeti linaposema kwamba madai ya katiba mpya yamezuka, halijatamka neno lolote la kuyalaani madai hayo, lakini limekwisha kuyaketisha pamoja na moto na maradhi. Msomaji huipokea rangi hiyo bila kujua. Ni rangi ya namna hii ambayo jicho la mhakiki mmoja huweza kuihisi, lakini ni mistari mia kadhaa ya mifano inayoweza kuithibitisha.

2. Mafanikio yasiyokanika

Haitakuwa haki kuikosoa mbinu hii kabla ya kukiri iliyoyafanya. Katika Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, kundi la watafiti akiwamo Paul Baker, Costas Gabrielatos, Tony McEnery na Ruth Wodak lilichunguza jinsi magazeti ya Uingereza yalivyowaeleza wakimbizi, waomba hifadhi na wahamiaji kuanzia mwaka 1996 hadi 2005. Kopasi yao ilikuwa na maneno takriban milioni 140. Walionyesha kwamba watu hao walielezwa mara kwa mara kwa sitiari za maji, kana kwamba ni mafuriko yasiyo na nyuso. Walionyesha pia kwamba magazeti yalitumia maelezo yanayojipinga, kama vile kumwita mtu mkimbizi haramu, ilhali ukimbizi ni hali inayotambuliwa na sheria. Katika kitabu cha mwaka 2013, Baker, Gabrielatos na McEnery walichunguza maneno takriban milioni 143 ya magazeti ya miaka 1998 hadi 2009, wakaonyesha jinsi habari za Waislamu zilivyofungamanishwa na migogoro kupita mada nyingine yoyote.

Matokeo haya yana uzito ambao vichwa vitatu vya habari haviwezi kuwa nao. Mhariri hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mfano ulioteuliwa ni wa bahati mbaya. Aidha, hesabu humwadhibu mhakiki mwenyewe. Mara nyingi jambo alilolidhania kuwa la kawaida hugunduliwa kuwa nadra, na gazeti alilolishuku huonekana kuwa halitofautiani sana na lile alilolipenda. Watafiti wa Lancaster wenyewe hawakudai kwamba tarakilishi inatosha. Walisisitiza kwamba hesabu humwelekeza mtafiti mahali pa kusoma, kisha usomaji wa makini hufuata. Kasoro inayojadiliwa hapa basi si ya kwao. Ni ya wale wanaoichukua mbinu hiyo ilivyo na kuivika Kiswahili.

3. Neno la Kiswahili halihesabiki kirahisi

Kikwazo cha kwanza kinajulikana kwa kila mwalimu wa sarufi. Shina moja la kitenzi, kwa mfano -vunj-, huzaa maumbo mengi mno kwa kuambikwa nafsi, njeo, kirejeshi, yambwa na kauli: ulivunjwa, umevunjika, wangeuvunja, uliovunjwa, wakavunjiana. Kwa tarakilishi isiyofundishwa sarufi, kila umbo ni neno geni. Tendo ambalo gazeti limelitaja mara nyingi hutawanyika katika maumbo kadhaa, kila moja likionekana mara chache, na hivyo halifiki katika orodha ya maneno yanayostahili kuangaliwa. Nomino, ambazo hazibadiliki sana, hushika vichwa vya orodha hizo. Matokeo yake ni uhakiki unaojadili majina na kuyasahau matendo.

Juhudi za kulitatua tatizo hili zimekuwapo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kuunda mfumo wa uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili, unaojulikana kwa jina la SALAMA, na kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina maneno takriban milioni 25, imechanganuliwa kwa mfumo huo. Kwa hiyo uwezo wa kuhesabu mofimu upo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuuliza maswali yanayohitaji mofimu.

4. Kiti kitupu na kiti kilichoondolewa

Umuhimu wa maswali hayo unaweza kuonyeshwa kwa sentensi mbili zilizotungwa kwa ajili ya mfano:

(a) Mkutano wa hadhara ulivunjwa.
(b) Mkutano wa hadhara ulivunjika.

Sentensi ya (a) imemficha mtendaji, lakini haijamkana. Kauli ya kutendwa huacha kiti kitupu, na msomaji ana haki ya kuuliza ulivunjwa na nani. Jibu "na polisi" linaweza kuongezwa bila kuiharibu sarufi. Katika sentensi ya (b) hakuna hata kiti. Kauli ya kutendeka haimkubali mtendaji. Msemaji wa Kiswahili hasemi mkutano ulivunjika na polisi. Mkutano umevunjika kama chungu kinavyovunjika, na msomaji anayeuliza ni nani aliyeuvunja anaonekana kuuliza jambo ambalo halimo.

Hapa ndipo mbinu iliyozoea Kiingereza inapopungukiwa. Trew alishughulika hasa na kauli ya kutendwa kwa sababu katika lugha yake ndiyo njia kuu ya kumsogeza mtendaji nyuma. Mwandishi wa Kiswahili ana ngazi zaidi, na kila ngazi ina kiambishi chake. Silabi moja hugawa lawama upya:

(c) Vijana walipigwa na polisi.
(d) Vijana walipigana na polisi.

Kwa hesabu ya maneno jirani, sentensi hizi mbili zinafanana sana: vijana wapo, polisi wapo, na shina la kupiga lipo. Lakini katika (c) kuna mpigaji na mpigwa, na katika (d) pande mbili zimelinganishwa kana kwamba zilikuwa na silaha sawa. Neno na nalo limebadilika kazi. Katika (c) linamtambulisha mtendaji, katika (d) linamtambulisha mwenzi wa tendo. Kitenzi kabiliana, ambacho kimezoeleka sana katika habari za maandamano, kinafanya kazi ile ile ya (d) kwa adabu zaidi. Mtafiti anayejumlisha mara ambazo "vijana" na "polisi" wametajwa pamoja atakuwa amejumlisha dhuluma na mapigano katika fungu moja.

Jambo hili si la darasani tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilipitia machafuko ambayo tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilipewa kazi ya kuyachunguza. Katika ripoti yake ya Oktoba 2008 tume hiyo ilihesabu vifo 1,133, na kati yake 405 vilitokana na majeraha ya risasi. Risasi haijifyatui. Kila kifo kati ya hivyo 405 kilikuwa na kidole nyuma ya kifyatulio, na tofauti kati ya kusema kwamba polisi waliwaua watu, watu waliuawa, watu walipoteza maisha, na maafa yalitokea, ni tofauti ya nani ataitwa kujibu. Gazeti linaweza kuandika habari nzima ya siku kama hizo bila neno moja la chuki, lakini kwa sarufi yake likawa limewaachilia wahusika wote. Kopasi inayotafuta maneno makali italipitisha gazeti hilo kuwa halina upande.

Tahadhari mbili ni za lazima. Kwanza, kiambishi cha kutendeka kina kazi zaidi ya moja. Katika "njia hii inapitika" kinaeleza uwezekano, wala hakifichi mtu yeyote. Hivyo tarakilishi iteue mistari, lakini mwanadamu aisome. Pili, habari nyingi za magazeti ya Kiswahili, hasa za nje, hutafsiriwa kutoka katika Kiingereza cha mashirika ya habari kwa haraka ya chumba cha uhariri. Kauli ya kutendwa iliyomo inaweza kuwa ya Reuters kabla ya kuwa ya gazeti. Mhakiki asiyelinganisha tafsiri na asili yake anaweza kumhukumu mfasiri kwa itikadi ya mtu mwingine.

5. Orodha za maneno na hatari yake

Kuna mahali ambapo hesabu ya maneno imetoka vyuoni na kuingia katika utawala. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa nchini Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008 kufuatia machafuko yaliyotajwa, ilitangaza mwezi Aprili 2022 orodha ya maneno na misemo iliyoonekana kuwa ya uchochezi. Miongoni mwake yalikuwamo madoadoa, kwekwe, mende na hatupangwingwi. Nia ya kazi hiyo inaeleweka. Katika Bonde la Ufa neno madoadoa lina historia ya kuwaita majirani wasiotakiwa, na kwekwe hung'olewa. Kuhusu mende, Afrika Mashariki nzima inakumbuka kwamba inyenzi, lenye maana hiyo kwa Kinyarwanda, lilitumika katika vyombo vya habari vya Rwanda dhidi ya Watutsi kabla ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 na wakati wa mauaji hayo.

Hata hivyo orodha ya maneno ina udhaifu ule ule wa kopasi isiyosomwa. Hatupangwingwi, lililokuwa wito wa mrengo mmoja wa siasa kwamba haukubali kupangiwa mambo, liliwekwa katika fungu moja na maneno yanayowageuza watu kuwa wadudu na magugu. Gazeti linalomnukuu mchochezi ili kumkemea litahesabiwa mara nyingi kuliko gazeti linalomuunga mkono kwa maneno laini. Mzee anayewaambia wajukuu zake wang'oe kwekwe shambani atapatikana na hatia sawa. Na muhimu zaidi, mchochezi huiacha orodha nyuma siku ile ile inapotangazwa; Kiswahili hakijawahi kukosa fumbo. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha na kutoa hukumu yake mwaka 2003 juu ya wahusika wa redio na gazeti la Rwanda ililazimika kupima maneno kwa kuangalia nani aliyasema, lini, na kwa wasikilizaji gani. Hicho ndicho kipimo ambacho wanaisimu wangepaswa kuipatia jamii, badala ya kuiachia orodha.

6. Kimya cha kopasi

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kopasi hukusanya yaliyochapishwa, wala haiwezi kuhesabu yaliyokatwa. Kenya ilifanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja mwezi Juni 1982, na kifungu kilichoweka hali hiyo kilifutwa Desemba 1991. Katika miaka hiyo mhariri alijua lipi halichapishiki, na mwaka 1989 waandishi wa Nation walizuiwa kwa miezi kadhaa kuripoti shughuli za Bunge. Neno lisilotokea katika kopasi ya miaka hiyo huenda halikuwa na wasemaji, na huenda lilikuwa na wasemaji wengi wasio na gazeti. Hesabu haitofautishi hali hizi mbili. Historia ndiyo inayozitofautisha.

Pamoja na hayo, matini za Kiswahili zinazopatikana kwa urahisi katika tarakilishi ni hasa za kuanzia miaka ya 1990, wakati wa vyama vingi. Baraza, lililochapishwa Nairobi kuanzia 1939 hadi 1979, pamoja na miaka ya mwanzo ya Taifa Leo na ya Uhuru la chama cha TANU, kwa sehemu kubwa yamo katika karatasi na filamu za maktaba. James Brennan aliposoma magazeti ya Tanganyika na Tanzania kwa ajili ya makala yake ya mwaka 2006 juu ya dhana ya unyonyaji, aliweza kufuatilia jinsi maneno kama mnyonyaji na kupe yalivyobeba swali la nani ni mwananchi wa kweli. Kopasi inayoanzia pale maneno hayo yalipopungua itatoa picha ya lugha iliyozaliwa ukubwani. Wala kupungua kwa neno si kupungua kwa fikra. Kupe akitoweka magazetini na fisadi akashika nafasi yake, ni juu ya mhakiki kuuliza kama lawama imebadilika au imebadili vazi tu.

Hitimisho

Hesabu ya maneno imeuokoa uhakiki wa magazeti kutoka katika maoni ya mtu mmoja, na hilo halipaswi kupotezwa. Lakini wingi si hoja mpaka ijulikane kilichohesabiwa ni nini. Kwa Kiswahili, kopasi inayofaa kwa uchunguzi wa itikadi ni ile ambayo kila kitenzi kimetiwa alama ya kauli yake, mtendaji wake akiwapo au akiwa hayupo, na msemaji wake, yaani gazeti lenyewe au mtu aliyenukuliwa. Na ambayo kila matini imeandikiwa mwaka, mmiliki wa gazeti, na kama ni tafsiri. Kazi hiyo inawezekana. Magazeti yapo katika hifadhi za nyaraka, sarufi inafahamika, na wanafunzi wa shahada za juu wanatafuta mada.

Maswali ya kuanzia nayo si magumu. Katika habari za maandamano, nani huvunja na nini huvunjika? Mwananchi anapobeba bango, huendelea kuitwa mwananchi, au hugeuka kuwa kijana, mfuasi au mhuni? Ghasia huzuka zenyewe kwa akina nani, na kwa akina nani huwa zimezuliwa? Idara za Kiswahili zisipoyajibu maswali haya kwa ushahidi, yataendelea kujibiwa na watunga orodha, na sarufi inayowaficha wenye bunduki itaendelea kufundishwa darasani kama kauli ya kutendeka tu, pamoja na mfano wa chungu.